Mazoezi tiba ni nini, na kwa nini mlima wa Kadutu hautoshi

Mazoezi tiba ni mwendo wa mwili uliochaguliwa kwa ajili ya shida fulani, ukapimwa kiasi chake, kisha ukarudiwa siku baada ya siku mpaka mwili uuzoee. Goti linalouma lina mazoezi yake, mgongo una yake, na mtu aliyelemewa na mawazo mengi ana yake pia. Huku Kongo anayeyafundisha tunamwita kinezi, kutokana na kineziterapia aliyosomea. Tanzania na Kenya utasikia mtaalamu wa fiziotherapia. Kazi ni ile ile.

Ukilieleza jambo hili kwetu Bukavu, mashariki mwa Kongo, jibu la kwanza huwa kicheko. "Mazoezi? Mimi napanda mulima wa Kadutu kila siku, tena na muzigo!" Ni kweli. Kadutu ni mtaa wa mlimani, na mji wote umejengwa juu ya vilima vinavyoshukia Ziwa Kivu; asiye na pesa ya moto, yaani pikipiki ya abiria, hupanda kwa miguu. Akina mama wanaobeba makaa na mihogo mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, wametoka jasho tangu alfajiri kuliko mcheza mpira. Basi swali lao ni halali: kwa nini mama huyo huyo, anayetumia mwili kutwa nzima, ndiye anayefika kwa kinezi akisema "mugongo inaniluma"?

Jibu lake ndilo kiini cha dhana yenyewe. Mzigo ule haukupimwa kwa nguvu za mgongo, umepimwa kwa mahitaji ya nyumba. Mama hapumziki misuli inapochoka, hupumzika anapofika. Nguvu za misuli huongezeka katika mapumziko yanayofuata kazi, pale nyuzi zilizochoshwa zinapotengenezwa upya, na mapumziko hayo ndiyo anayokosa. Tena hubeba kwa mkao ule ule kila siku, kwa hiyo sehemu zile zile huchakaa na nyingine hudhoofika kwa kutotumiwa. Watafiti wa afya ya kazini wameliona hili pia: tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba kazi za sulubu haziukingi moyo kama yanavyoukinga mazoezi ya hiari.

Hiyo haimaanishi kwamba mwendo wa kazini ni bure. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva walikaa kutwa. Makondakta walipanda na kushuka ngazi wakikata tiketi. Makondakta ndio waliougua moyo kwa uchache. Lakini tazama mwendo wao ulivyokuwa: mwepesi, umesambaa siku nzima, na hakuna gunia mgongoni.

Wepesi huo una kipimo, na hakihitaji mashine. Ukiwa unatembea, jaribu kuongea. Ukiweza kusema sentensi nzima lakini huwezi kuimba, uko katika kiwango cha wastani. Ukiweza kuimba wimbo wa kwaya mpaka mwisho, ongeza mwendo. Maneno yakikukatika mawili mawili, punguza. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima wafikishe dakika 150 hadi 300 za kiwango hicho kwa wiki, pamoja na siku 2 au zaidi za kuimarisha misuli. Aliyefikisha miaka 65 huongezewa mazoezi ya kusimama bila kuyumba, siku 3 au zaidi. Zamani shirika hilo lilitaka kila kipindi kisipungue dakika 10. Sharti hilo limeondolewa, na kwangu hiyo ndiyo habari njema kuliko zote, maana mama mwenye nyumba hana nusu saa ya kwake peke yake. Ana dakika nne hapa na sita pale, kati ya kuchota maji na kwenda sokoni.

Mwendo huu mdogo unaponyaje? Chukua goti. Gegedu inayofunika ncha za mifupa haina mishipa ya damu. Hupata chakula chake kutoka kwenye ute wa kiungo, na ute huo huingia na kutoka kiungo kinapobanwa na kuachiwa, kama sifongo ndani ya maji. Goti lililolazwa wiki kadhaa kwa sababu linauma hunyimwa chakula hicho, huku misuli ya paja ikinywea. Mgonjwa akisimama tena, maumivu yamezidi, naye anasema: si niliwaambia nisitembee? Mgongo nao hausaidiwi na kulala kitandani siku nyingi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya sehemu ya chini ya mgongo unayataja mazoezi miongoni mwa tiba unazozipendekeza.

Hapa kuna jambo ambalo mtu wa nchi tambarare hana haja ya kulijua: mteremko huumiza goti kuliko mpando. Unaposhuka, misuli ya paja hufanya kazi huku ikirefushwa, ikiuzuia uzito wote usianguke mbele, na kile kifupa cha mbele ya goti, kiitwacho pia, hugandamizwa juu ya fupa la paja. Wengi wetu hupanda kwa moto na kushuka kwa miguu. Mwenye goti bovu afanye kinyume, pesa ikimruhusu.

Zoezi la kwanza ambalo kinezi humpa mtu kama huyo ni la kuchekesha kwa urahisi wake. Kaa kwenye kiti kilichoegemezwa ukutani. Inuka bila kujisukuma kwa mikono, kisha keti polepole ukihesabu mpaka tatu. Fanya mara tano hadi nane, pumzika, rudia. Kule kuketi polepole hujenga misuli ile ile inayokushusha mlimani. Maumivu yakiongezeka kidogo wakati wa zoezi si neno, mradi kesho asubuhi yawe yametulia. Yasipotulia, kiasi kilizidi: punguza idadi, usiache.

Upande wa akili haujatengwa na huu wa mwili. Hospitali ya Panzi ya hapa Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Dokta Denis Mukwege, imejulikana duniani kwa kumhudumia mgonjwa mwili na roho kwa pamoja, na watu wa Bukavu hawahitaji kuelezwa sababu: vita, na wanawake waliobakwa humo. Mtu mwenye mawazo mengi hukaza mabega na taya bila kujua, hupumua juu juu kifuani, hulala vibaya, na asubuhi huamka amechoka. Mazoezi huanzia hapo. Unapotoa pumzi, moyo hupiga polepole kidogo kuliko unapoivuta. Kwa hiyo ukirefusha kutoa pumzi kwa dakika chache, mapigo hutulia na mwili hufuata. Njia nyingine ni ile iliyoenezwa na daktari wa Marekani Edmund Jacobson tangu miaka ya 1920: kaza ngumi kwa sekunde chache, ilegeze, kisha fanya vivyo hivyo kwa mkono, bega, uso. Asiyejua kulegea hujifunza kwa kuanza kukaza.

Kutembea kwa kikundi kuna faida yake ya pekee. Nchini Uingereza, mwongozo wa matibabu wa mwaka 2022 uliweka mazoezi ya kikundi miongoni mwa tiba za sonona isiyo kali, yaani ule ugonjwa wa huzuni isiyoisha. Sidhani ni jasho peke yake linalosaidia. Kuna mtu anayekungoja njiani, na usipotokea atauliza.

Tahadhari moja kwa walioona vita, nao ni wengi. Kufumba macho na kusikiliza pumzi kunaweza kumrudishia mtu picha alizokuwa akizikimbia. Asilazimishwe. Macho yabaki wazi, mlango uonekane, miguu ikanyage chini, na aruhusiwe kuacha wakati wowote bila kuulizwa. Kwa baadhi yao, kutembea au kutikisa mikono huwa salama zaidi kuliko kutulia kimya.

Kuna wasiopaswa kuanza kabla ya kuonwa na daktari: mwenye maumivu ya kifua, mwenye mguu mmoja uliovimba ghafla, mwenye homa, na aliyeumia mgongo kwa kuanguka. Aliyekufa ganzi sehemu za siri au kushindwa kuzuia mkojo pamoja na maumivu ya mgongo aende hospitali siku hiyo hiyo. Mwenye shinikizo la damu anaweza kufanya zoezi la kiti, daktari akimkubalia, lakini asibane pumzi anapoinuka. Ahesabu kwa sauti. Anayehesabu kwa sauti hawezi kubana pumzi.