Kompyuta ya kusikilizia muziki: kwanza iwe kimya

Watu wakitaka kuunga kompyuta kwenye amplifaya na spika za maana wanaanza kuulizia prosesa na ram, wakati kiukweli hapo ndo hamna shida kabisa. Muziki wa ubora wa CD ni sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, kila moja biti 16, chaneli mbili, haifiki hata kilobaiti 180 kwa sekunde, kazi ambayo Raspberry Pi ya zamani, kile kikompyuta kidogo cha bei rahisi, inaifanya huku imelala.

Mi cha kwanza naangalia feni. Isiwepo. Na diski isiwe ya kuzunguka, weka SSD au memori kadi, manake usiku ukiwa umeshusha voliumu, pale noti ya piano inapofifia polepole, hata kafeni kadogo kanakula ule mwisho wote, na mwisho huo ndo tuliolipia hizi spika jamani.

Pili, usitoe sauti kwenye tundu la hedifoni la kompyuta, chukua DAC ya nje ya USB, yaani kifaa kinachogeuza namba za faili kuwa mawimbi ya umeme ya kupeleka kwenye amplifaya. Nyingi za siku hizi saa ya kupanga muda wa sampuli iko ndani ya DAC yenyewe, ndo inaiambia kompyuta ongeza data au punguza, kwa hiyo kompyuta kuwa ya bei rahisi hakuharibu kitu hapo.

Sasa kinachosumbua wengi ni mikisa ya sistimu. Ili wimbo uweze kusikika pamoja na mlio wa meseji, sistimu inachanganya sauti zote kwa kasi moja, mara nyingi kilohezi 48 (sampuli 48,000 kwa sekunde), kwa hiyo faili lako la 44.1 linapigwa hesabu upya kabla halijafika kwenye DAC na wewe hujaambiwa. Kama DAC yako ina kioo, cheza wimbo uliotoka kwenye CD uangalie namba: ikisoma 48 ujue kuna kitu kimeingilia kati. Kwenye Linux naweka MPD (programu ya kuchezea muziki) iongee na DAC moja kwa moja, kwenye Windows tafuta pleya yenye WASAPI (njia ya Windows ya kupeleka sauti kwenye kifaa) uiweke iishike DAC peke yake, namba itarudi 44.1 hapohapo.

Halafu kuna ule muungurumo wa chini usiokata hata wimbo ukiwa umesimama. Chomoa waya wa USB, ukinyamaza basi mara nyingi ni mzunguko wa athi, umeme unapita kwenye shaba kati ya kompyuta na amplifaya. Kama kompyuta na DAC zina tundu la optiko tumia hilo, waya ule unapitisha mwanga tu, muungurumo hauna pa kupita. Waya za USB za bei ya kutisha mi sizishauri, hiyo hela iende kwenye spika.

Mafaili weka FLAC (aina ya faili la muziki lililobanwa), yanapungua mpaka karibu nusu bila kupoteza hata biti moja, na kopi nyingine ikae kwenye diski tofauti.