Phan Bội Châu, mgeni wa siku ya tatu

Nikiuliza darasani ni nani aliyewapigania Wavietnam, jibu ni lile lile: Hồ Chí Minh. Mmoja wawili humkumbuka Jenerali Giáp kwa sababu ya Dien Bien Phu, alikowashinda Wafaransa waliokuwa wakoloni wa Vietnam. Phan Bội Châu hatajwi, na mimi nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi kumsoma yeye.

Alizaliwa mwaka 1867 mkoani Nghệ An, mtoto wa mwalimu. Mwaka 1900 alishika nafasi ya kwanza katika mtihani wa mkoa, mtihani wa kale wa kumfungulia mtu mlango wa utumishi wa mfalme. Mwaka huo huo baba yake akafariki. Kwa mtu aliyelelewa katika mafundisho ya Confucius, kumtia mzazi mzee hatarini ni dhambi kubwa, kwa hiyo kifo kile kilimwachia huru. Mwaka 1904 yeye na wenzake waliunda chama cha siri, Duy Tân Hội, wakamweka juu yake mwanamfalme Cường Để. Mwaka 1905 akavuka mpaka kwa siri kwenda kutafuta silaha Japani, taifa la Asia ambalo wakati huo lilikuwa linawachapa Warusi baharini na nchi kavu.

Hapa ndipo ninapopenda kukawia. Yokohama alimwendea Liang Qichao, mwandishi wa Kichina aliyekuwa naye mkimbizi. Phan hakujua kuzungumza Kichina wala Kijapani. Walikaa wakazungumza kwa brashi: mmoja anaandika swali kwa herufi za Kichina, mwenzake anachukua karatasi na kujibu. Ni kama shehe wa Lamu na shehe wa Java waliokutana safarini, lugha za nyumbani haziingiliani, lakini Kiarabu cha kitabuni kikawaunganisha. Liang alimpeleka kwa wanasiasa Inukai Tsuyoshi na Ōkuma Shigenobu, ambao nao walijibu kwa brashi. Silaha hawakumpa, maana kufanya hivyo kungekuwa kuitangazia Ufaransa vita. Ushauri wa Liang ulikuwa mwingine: andika, ulimwengu ujue yanayotendeka kwenu, kisha ulete vijana wasome. Phan akaandika historia ya namna Vietnam ilivyopotea mikononi mwa Wafaransa, Liang akaichapisha mwaka huo huo, na nakala zikapenyezwa hadi Vietnam.

Vijana nao wakaja, wakijifanya Wachina. Kufikia mwaka 1908 walikuwa kama 200, wengi wao kutoka kusini ambako matajiri wazalendo walichanga fedha. Harakati hiyo waliiita Đông Du, Safari ya Mashariki. Si kila mzalendo aliikubali. Phan Châu Trinh alimfuata Japani mwaka 1906, wakabishana sana. Huyu alitaka ufalme uondoke kwanza na watu waelimishwe bila kumwaga damu; Bội Châu alimhitaji mwanamfalme ili wenye mali wafungue mifuko. Kwa maoni yangu Trinh aliona mbali zaidi kuhusu ufalme, ila hakuwa na wanafunzi 200 wa kuwalisha.

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu ilifika Juni 1907, Japani ilipotia saini mkataba na Ufaransa. Japani ilikuwa na madeni ya vita na ilihitaji mkopo wa Paris. Ufaransa ilitaka watu wasiisumbue kule Indochina, makoloni yake yaliyojumuisha Vietnam. Wazazi wa wanafunzi wakabanwa nyumbani ili wawaandikie watoto warudi, vyama vyao vikavunjwa, na mwaka 1909 Phan na Cường Để wakafukuzwa.

Katika dhiki ile alisaidiwa na daktari mmoja wa Kijapani, Asaba Sakitarō, aliyewahi kumwokota mwanafunzi wa Kivietnam asiye na kitu na kumlipia shule. Phan alimwandikia barua ya kuomba, naye akampelekea yeni 1,700. Phan aliporudi Japani kwa siri na kukuta mfadhili wake ameshafariki, aliamua kumsimamishia jiwe la kumbukumbu kijijini kwao, mkoani Shizuoka, mwaka 1918. Fedha zake hazikutosha, wanakijiji wakamalizia. Jiwe lipo mpaka leo.

Jembe lenyewe alilishika kweli, huko Siam (Thailand ya leo), ambako yeye na wenzake waliishi kwa kulima. Bunduki kama 500 alizokuwa amezinunua hazikufika Vietnam. Kwa kukosa njia ya kuzisafirisha, akawapa wanamapinduzi wa China. Hao waliposhinda mwaka 1911, Phan aliona sasa kuna wa kumlipa fadhila. Akaenda Guangzhou, mji mkuu wa mkoa wa Guangdong kusini mwa China, akaachana na habari ya ufalme, na mwaka 1912 akaunda Việt Nam Quang Phục Hội, chama cha kutafuta jamhuri. Wafuasi wake walirusha mabomu nyumbani, Wafaransa wakamhukumu kifo hali hayupo. Kisha China ikabadilika naye akiwa ndani yake. Long Jiguang, mtawala mpya wa Guangdong, alimtia gerezani Januari 1914 akitarajia kufanya naye biashara na Wafaransa. Akidhani anakwenda kuuawa, Phan aliandika maisha yake upesi upesi gerezani. Alitoka mwaka 1917.

Kukamatwa kwake kwa mwisho, Shanghai mwaka 1925, kumezaa porojo nyingi. Alitekwa alipotoka kituo cha treni, akasukumwa ndani ya gari hadi eneo la mji lililotawaliwa na Wafaransa, kisha akapakiwa melini. Nani alimwuza? Wapo wanaomtaja Hồ Chí Minh. Sijawahi kuona ushahidi wa kunitosha, na Phan mwenyewe, katika kumbukumbu zake, alimshuku kijana mwingine aliyekuwa akiishi naye.

Novemba mahakama ya Hanoi ilimpa kifungo cha maisha na kazi ngumu. Nchi ikawaka kwa maandamano na simu za maandishi za kupinga, hata Gavana Mkuu wa Kifaransa, Alexandre Varenne, akamsamehe na kumweka katika mji wa Huế chini ya ulinzi. Miaka kumi na mitano iliyobaki aliimaliza hapo, mara nyingi ndani ya mtumbwi wake Mtoni Hương, watu wakimwita Mzee wa Bến Ngự, kwa jina la mtaa wake.

Septemba 1940 majeshi ya Japani yaliingia kaskazini mwa Vietnam. Wafuasi wa Cường Để waliingia nayo Lạng Sơn, karibu na mpaka wa China, wakiamini msaada ulioombwa mwaka 1905 sasa umefika. Japani ikapatana na Wafaransa, ikawaacha watawale kama kawaida, na wale wafuasi wakaachwa wawindwe milimani. Phan alifariki Huế tarehe 29 Oktoba, mwezi mmoja na siku chache baadaye.