Nusu kaputi inasingiziwa

"Daktari, ile dawa yenu ya usingizi imenimaliza nywele." Mama aliyeniambia hivyo hapa Arua, Uganda, alikuja na ushahidi: nywele za siku mbili, kazikusanya kwenye kaveera, mfuko wa plastiki. Nikamuuliza zilianza kutoka lini. Akahesabu kwa vidole. Alitolewa uvimbe kwenye kizazi mwezi wa pili. Nywele zimeanza kupukutika mwezi wa tano.

Hapo nikajua. Mimi ndiye ninayelaza watu usingizi chumba cha upasuaji, basi mniruhusu nijitetee kidogo. Kufikia mwezi wa tano dawa zangu zilishamtoka mwilini kitambo. Nywele huenda kwa zamu: karibu tisa kati ya kumi zinakua, na hukua hivyo miaka 2 hadi 6. Zilizobaki zimepumzika, na baada ya miezi kama 3 hudondoka. Ndiyo maana hata mzima hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku. Mwili ukipata kishindo, iwe kisu, damu kumwagika, homa au siku za kunywa uji mtupu, nywele nyingi huacha kukua kwa mpigo mmoja. Zimelala pamoja, zitaanguka pamoja. Mwaka 1961 daktari wa ngozi Albert Kligman aliiita hali hii telojeni efluviamu. Waliojifungua wanaijua, hata wale ambao hawajawahi kuonja nusu kaputi.

Ila iko aina moja ambayo siwezi kuikwepa. Operesheni ikichukua saa nyingi na kichwa kimelala palepale, ngozi ya kisogo hukosa damu, na baada ya siku au wiki chache panatokea upara wa duara. Hii ni yetu. Ndiyo sababu naweka mto laini na kukigeuza kichwa kila baada ya muda, hata daktari mpasuaji akinung'unika. Mara nyingi nywele huota tena. Ngozi ikiumia sana, hubaki kovu. Anayeuona kwanza huwa ni msusi, naye husema ni mapunye, basi mgonjwa anapaka dawa bure.

Yule mama kisogo chake kilikuwa kizima. Nilipovuta kope la chini la jicho, ndani palikuwa peupe. Uvimbe ulikuwa umemtoa damu miezi mingi kabla ya upasuaji. Kipimo kikathibitisha upungufu wa damu, akaanza vidonge vya madini ya chuma, asivimeze na chai. Dodo (mchicha), maharage na mukene (dagaa) aliahidi mwenyewe. Misuko ya kuvuta nilimkataza. Akauliza kama anyoe zote. Nikamwambia wembe haufiki kwenye mzizi.

Kupukutika huku kwa kawaida hukoma ndani ya miezi 6. Kukizidi hapo, au kichwa kikiwasha na kutoa magamba, nenda kwa daktari wa ngozi.

Alirudi mwezi wa tisa, vinywele vya sentimita mbili tatu vimemsimama kwenye paji la uso, akilalamika kwamba havishikiki kwenye msuko.