Bendera ya siku 33 na jinsi ninavyoikagua

Wengi wanaoanza kukusanya bendera kuukuu hukimbilia umri. Mimi huuliza kwanza ilipepea kwa muda gani. Bendera ya Marekani yenye nyota 48 ilitumika tangu 1912 hadi 1959, na hadi leo haina shida kuipata. Ile ya nyota 49 ilidumu mwaka mmoja tu, kuanzia Julai 1959, ndiyo maana wakusanyaji huitazama kwa jicho jingine.

Huku kwetu ipo iliyodumu muda mfupi kuliko hiyo: bendera ya Zanzibar huru, nyekundu, katikati duara la kijani lenye karafuu mbili za njano. Ilipandishwa 10 Desemba 1963, na Mapinduzi ya 12 Januari 1964 yakaishusha. Siku 33 basi! Ikaja ya nyeusi, njano na bluu, na kabla Januari haijaisha ikaja ya bluu, nyeusi na kijani, iliyofuata rangi za ASP, chama cha Afro-Shirazi kilichoshika madaraka baada ya Mapinduzi. Ukihesabu na ile nyekundu ya Sultani iliyotangulia ya karafuu, Unguja na Pemba ziliona bendera nne kati ya Desemba na Muungano wa 26 Aprili. Sijui mahali pengine pa ukubwa huo panaponitamanisha hivyo.

Hiyo nyekundu ya Sultani ndiyo inayoumiza kichwa. Ni kitambaa chekundu kitupu, bila nembo wala maandishi, na Muscat na Oman nao walipeperusha nyekundu kama hiyo hadi 1970. Kwa macho huwezi kuzitenganisha. Madalali wanalijua hilo, na hadithi wanayoipenda ni ya vita vya 27 Agosti 1896, pale mizinga ya Waingereza iliponyamaza baada ya bendera ya kasri la Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani, kuangushwa. Kila nyekundu yenye matundu basi "ilikuwepo siku ile". Mimi sinunui nyekundu tupu isiyo na ushahidi: picha ya zamani, barua, au angalau familia inayoweza kueleza ilivyowafikia, kutoka mkono gani kwenda mkono gani.

Kwa bendera yenye nembo, mkaguzi ana pa kushika. Siangalii rangi kwanza, kwa sababu rangi hudanganya. Naenda moja kwa moja kwenye upande wa mlingoti. Bendera za mtindo wa Kiingereza zilikuwa na ukanda wa turubai uliopitishwa kamba ndani yake, na kichwani mwa kamba kijiti cha mbao cha kuingiza kwenye kitanzi. Za Kimarekani mara nyingi zina matundu yenye pete za shaba. Kwenye ukanda huo ndipo hupigwa muhuri wa mtengenezaji na kipimo. Ukikuta ukanda mweupe pee juu ya kitambaa kilichochakaa, kuna jambo.

Halafu kitambaa. Bendera za zamani za kupepea nje zilifumwa kwa sufu nyepesi. Nailoni na poliesta ni mambo ya baada ya Vita Kuu ya Pili. Nachomoa unyuzi mmoja uliokwisha kulegea pindoni, nauchoma kwa kiberiti. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika. Poliesta huyeyuka na kuganda kama shanga ngumu. Baada ya hapo nazima taa na kuwasha tochi ya kukagulia noti bandia. Uzi wa kisasa mara nyingi hung'aa bluu kwenye mshono. Uzi uliong'aa haumaanishi lazima bendera nzima ni feki, huenda ilitiwa kiraka baadaye, ila bei ishuke.

Kwenye ya karafuu nageuza upande wa nyuma. Nakala zinazouzwa mtandaoni ni za kuchapwa, na duara huonekana limefifia kwa nyuma. La kushonwa utalihisi kwa kidole.

Uchakavu nao una mantiki yake. Upepo hutafuna ncha ya mbali na mlingoti, pembe zake zikitangulia. Bendera iliyochakaa sawasawa pande zote, yenye rangi ya chai iliyoenea kila mahali, imezeeshwa jikoni na mtu.

Ukiipata ya kweli, usiifue. Nimeletewa moja iliyopigwa sabuni ya unga ili "ipendeze". Wekundu ulikuwa umevujia kwenye kijani, na hapo hakuna fundi wa kukusaidia. Usiipige pasi, usiikunje, kwa sababu mikunjo ndiyo hukatika kwanza. Ilaze kwenye karatasi isiyo na asidi, izungushe kwenye bomba pana, ifunike kwa marikani iliyofuliwa ikatoka dawa ya kiwandani. Pwani adui ni unyevu, na nondo hawaachi sufu, kwa hiyo ifungue uikague kila baada ya miezi michache, hasa baada ya masika. Wanaoitundika sebuleni mkabala na dirisha nimeshachoka kuwasema.