Tovuti za Kiyahudi: yanayosemwa na ukweli wenyewe

"Talmudi ni kitabu cha siri, Wayahudi hawataki wengine wakisome." Maneno haya yanazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, mara nyingi yakiandamana na nukuu kali isiyotaja hata ukurasa. Ukweli ni kwamba Talmudi ya Babeli, mkusanyiko wa mijadala ya marabi wa kale kuhusu sheria za dini, iko wazi kwenye tovuti ya Sefaria, pamoja na tafsiri ya Kiingereza, bila malipo wala kujisajili. Shirika hilo lisilo la faida lilianzishwa mwaka 2011, na tafsiri ya Rabi Adin Steinsaltz ilianza kuwekwa hapo mwaka 2017.

Fungua ukurasa wa kwanza kabisa, Berakhot 2a. Hukuti njama yoyote. Unakuta swali: sala ya Shema ya jioni isomwe kuanzia wakati gani? Rabi Eliezer anasema mwisho wake ni zamu ya kwanza ya usiku. Wanazuoni wenzake wanasema usiku wa manane. Rabban Gamliel anasema hadi kupambazuke. Kisha kinafuata kisa. Wanawe Gamliel wanarudi usiku kutoka karamuni, wanamwambia baba yao kwamba hawajasoma Shema. Anawajibu kuwa kama hakujapambazuka, bado ni wajibu wao kuisoma.

Talmudi inakwenda hivyo ukurasa baada ya ukurasa: hoja, pingamizi, kisa, na hata maoni yaliyokataliwa yamehifadhiwa. Ndiyo maana mstari mmoja uliochomolewa hauthibitishi kitu. Huenda aliyeusema anapingwa mistari miwili mbele. Mwaka 1242, jijini Paris, mikokoteni iliyojaa nakala za Talmudi ilichomwa moto, baada ya nukuu za namna hiyo kufikishwa kwa Papa kama mashtaka. Leo anayetumiwa nukuu anaweza kudai rejea na kujisomea mwenyewe kabla ya kuisambaza. Naamini ni wajibu wake.

Wengine hudhani kila tovuti ya Kiyahudi inawasemea Wayahudi wote. Uyahudi hauna Papa. Chabad.org ni ya Chabad-Lubavitch, kundi la Wahasidi lililo katika mrengo wa Kiorthodoksi, yaani Wayahudi wanaoshika sheria za jadi kikamilifu, na hujibu kwa msimamo huo. My Jewish Learning huweka mitazamo ya mirengo mbalimbali kandokando. Uliza kama mwanamke anaweza kuwa rabi, na majibu hayatafanana. Basi kwanza angalia nani anaendesha tovuti unayoisoma.

Kuhusu kalenda, husemwa sikukuu zao zinahamahama ovyo. Miezi yao hufuata mwezi mwandamo kama ile ya Hijria, ila katika kila miaka 19, miaka 7 huongezewa mwezi wa 13, kwa hiyo Pasaka haiachi majira ya machipuko. Tovuti ya Hebcal hukokotoa yote hayo na kukupa saa ya kuwasha mishumaa ya Sabato mjini kwako. Siku huanza jua linapozama, jambo ambalo Mwislamu wa pwani hahitaji kuelezwa.

"Wayahudi ni Wazungu." Hapa jirani, karibu na Mbale, Uganda, wako Abayudaya, jumuiya iliyoanza mwaka 1919 chini ya Semei Kakungulu. Idi Amin alipiga marufuku dini yao; wengi waliiacha, lakini wachache waliendelea kuishika kwa siri. Gershom Sizomu, kiongozi wao, alipata daraja la urabi Los Angeles mwaka 2008. Shirika la Be'chol Lashon huandika habari za Wayahudi wa asili nyingi namna hii.

Na wapo wanaodhani jumuiya nzima sasa imehamia mtandaoni. Sala kadhaa bado zinahitaji minyan, yaani watu wazima 10 waliokutana. Waorthodoksi huhesabu wanaume tu, mirengo mingine huhesabu na wanawake. Tena wanaoishika Sabato kikamilifu huiweka simu kando tangu Ijumaa jua linapozama. Ukimwandikia rabi wao swali jioni hiyo, tarajia jibu baada ya Jumamosi kuingia giza.