Kwa nini Blissey wako anakufa mapema: uongo tunaolishana kuhusu matanki

Uongo wa kwanza, na ndo unaowamaliza wengi, eti Pokémon akiwa tanki (yule wa kuvumilia mapigo) basi EV zote (pointi za mazoezi za kupandisha stati) mjazie HP, yaani damu yake, si anasifika kwa damu nyingi? Hapana bana. EV unazo 510 tu za kugawa na stati moja haipokei zaidi ya 252. Sasa chukua Blissey wa leveli 100 mwenye IV 31 (kipawa cha kuzaliwa), HP yake kavu bila EV ni 651, mmwagie 252 anafika 714, yaani umeongeza kama asilimia 10 tu. Hizo hizo 252 zipeleke kwenye Defense (kinga ya mapigo ya kimwili), inatoka 56 inaruka mpaka 119, na pigo la kimwili lililokuwa linamlaza sasa linamkata chini ya nusu ya vile. Hesabu ya maumivu inagawanywa kwa Defense, kwa hiyo pale palipo pembamba ndo pa kuziba. Shuckle ni kinyume kabisa, huyo ukuta anao tayari, Defense ya msingi (ya aina yake, kabla ya leveli, IV na EV) 230, kinachomwangusha ni HP ya msingi 20, mpe 252 huko atoke 181 mpaka 244 uone, zaidi ya theluthi imeongezeka.

Afu kuna hii ya kwamba tanki ukishamwingiza ni kukaa tu. Mi nilikaa hivyo na Snorlax, nikabonyeza Rest (mbinu ya kulala ili ujitibu) kwa raha zangu, damu ikajaa, mwenzangu akaona huyu kalala zamu mbili akapiga Swords Dance (mbinu ya kupandisha Attack) mara mbili, Attack yake ikawa mara tatu. Nadhani mnajua kilichofuata. Tanki kazi yake ni kuingia ale pigo afu atoke, ndo maana Toxapex mwenye uwezo wa Regenerator anakera hivyo, kila akitoka anarudishiwa theluthi ya HP yake bila kupoteza hata zamu moja ya kujitibu.

"Tanki hapigi"? Pigo la Seismic Toss la Blissey kwenye leveli 100 linatoa HP 100 kamili hata kama Attack yake ni aibu, labda tu ukutane na Pokémon wa aina ya mzimu, halimgusi. Na tangu Body Press (pigo linalotumia Defense badala ya Attack) iingie 2019 Defense yenyewe imekuwa silaha, Corviknight akipata nafasi ya Iron Defense (mbinu ya kupandisha Defense) mbili utamkimbia.

Na wanaosema tanki mwenye Recover (mbinu ya kujitibu) hafi, wacheze gemu ya Scarlet au Violet kwanza, Recover huko imebaki PP 5 (mara unazoweza kuitumia), ukiipandisha mpaka mwisho 8. Halafu anakuja mtu na Taunt (inakuzuia kutumia mbinu zisizo za kupiga), zamu tatu huwezi kujitibu, unabaki unaangalia Leftovers (kifaa ulichomshikisha) ikikurudishia kamoja ya kumi na sita ya HP kila zamu huku unachapwa.