Kokteli ya tabaka: kwa nini Vodka Sunrise ina rangi mbili

Kokteli ya tabaka ni kinywaji kinachotengenezwa bila kukoroga vyote pamoja. Kila kimiminika kinakwenda kukaa mahali pake ndani ya glasi kwa uzito wake. Ya kuanzia nyumbani ni Vodka Sunrise: vodka, juisi ya machungwa na grenadini, yaani shira nyekundu ya komamanga. Ni ndugu wa Tequila Sunrise iliyovuma Marekani miaka ya 1970. Kilichobadilika ni pombe tu.

Vodka ni mililita 45, juisi 90, grenadini 15. Kama huna kipimo, tumia kijiko cha chakula: 3, 6 na 1. Jaza barafu kwenye glasi ndefu, tia vodka na juisi, koroga. Shira inakuja mwisho, na hapa ndipo wengi wanapoharibu kwa haraka. Imimine taratibu ikipita mgongoni mwa kijiko, kisha usiiguse tena. Itazama yenyewe. Inaposhuka inaacha wekundu kidogo njiani, ndiyo maana huoni mstari mkali kati ya nyekundu ya chini na manjano ya juu, bali rangi ya moto inayofifia kadiri inavyopanda.

Kinachoizamisha ni sukari. Mililita moja ya maji ina gramu 1. Ya vodka ya asilimia 40 ina kama 0.95, kwa kuwa pombe ni nyepesi kuliko maji. Ya juisi ya machungwa kama 1.04. Shira nzito inapita 1.2. Hiyo ndiyo densiti tuliyofundishwa shuleni, safari hii ikiwa na barafu. Asiyetumia kilevi aache vodka: shira itazama vilevile.

Grenadini nyingi za dukani ni sukari, asidi na rangi, komamanga halimo. Bora upike yako: kikombe cha juisi ya komamanga na kikombe cha sukari kwenye moto mdogo, koroga mpaka sukari iyeyuke, epua kabla haijachemka sana, iache ipoe kabisa. Komamanga likikosekana, rozela inatoa wekundu mzuri zaidi, ila ni chachu, kwa hiyo ongeza sukari.

Machungwa ya Muheza yasikutishe kwa ganda la kijani. Kwenye joto letu ganda hubaki kijani hata tunda likiwa limeiva, na juisi yake ya manjano huonyesha wekundu vizuri. Ichuje tu, maana makapi yanaishika shira katikati ya glasi.

Kuhusu mrija, mimi nauondoa. Unafika chini moja kwa moja, na funda la kwanza linakuwa shira tupu.